Fundi wa Kirumba na ule mpira mweusi

Mwangaluka ndugu zangu wa Mwanza! Na nyinyi wa Musoma, Bukoba, Geita, mpaka kule Ukerewe, habari za asubuhi. Mimi niko hapa Sheffield, Uingereza, nimetoka zamu ya usiku na sijapata hata usingizi. Nilitaka nilale kwanza halafu nirekodi, nimeshindwa. Jana mdogo wangu alinitumia picha, na tangu niione moyo haujatulia.

Picha yenyewe ni meza ya pool. Iko juu ya mkokoteni, pale Kirumba, Mwanza, wanaume sita wameishikilia isianguke. Usishangae kuwa ni sita. Chini ya kile kitambaa kuna bamba la jiwe, ndiyo maana meza ya pool haibebeki ovyo. Ile baa imefungwa, mwenye nyumba anajenga fremu za maduka, meza imeuzwa. Nimeikuza ile picha nikaona kona ya kushoto, pale kitambaa kilipochanika kikashonwa kwa uzi wa nyavu. Ni yenyewe. Juu ya meza ile nilicheza na Fundi.

Jina lake silitaji, na hata hivyo hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina. Fundi, basi. Alikuwa anatengeneza injini za mitumbwi pale karibu na Mwaloni, soko la samaki, mzee wa miaka hamsini na kitu wakati huo, na mimi nilikuwa kijana wa kubeba magunia ya dagaa. Jioni alikuja baa na harufu ya petroli, anaomba maji na sabuni ya unga, ananawa mpaka kwenye viwiko. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kimekatwa ncha na panga la injini. Ndiyo maana yeye hakupitisha fimbo kati ya vidole kama sisi. Alikunja ngumi, akaiweka mezani, fimbo ikateleza kwenye bonde kati ya vifundo viwili. Vijana wengi tulijaribu kuiga ile ngumi. Mimi ilinishinda.

Sasa kwa wale msiotoka ziwani niwaeleze kitu kimoja, kwa sababu bila hicho hamtaielewa pool ya Kirumba. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, taa haina kazi, basi watu wanapumzika nchi kavu siku kadhaa. Hizo siku za mbalamwezi ndizo baa zilipojaa. Wavuvi wa visiwani wanashuka na pesa, wanapanga sarafu zao kwenye ukingo wa meza kushika foleni, anayefungwa anatoka, mshindi anabaki. Na Fundi alibaki. Nimewahi kuhesabu watu kumi na mmoja wakipita mbele yake usiku mmoja, na yeye hakukaa chini ila kunywa chai.

Mara ya kwanza kucheza naye nilibreki vizuri sana. Mipira yangu nyekundu saba, yake njano saba, na nyeusi huingizwa mwisho. Nikaingiza nyekundu nne mfululizo, watu wakapiga kelele. Yeye alikuwa hajaingiza hata moja. Akainama, akaigusa njano yake polepole, ikasogea ikakaa mdomoni mwa shimo la kati. Haikuingia, na wala hakutaka iingie. Halafu ile nyeupe ikarudi ikajificha nyuma ya nyeusi. Nikatazama meza. Shimo nililokuwa nalitegemea limezibwa, nyekundu zangu sizioni. Nikapiga kwa hasira, fauli, shuti mbili kwake. Akamaliza zote saba na nyeusi, taratibu, kama mtu anayeokota vifungo vilivyoanguka sakafuni. Aliponipa mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe unaupiga mpira huu. Mimi naupiga ule wa kesho."

Nilikaa na neno hilo miezi. Nikaanza kumtazama vizuri. Niligundua kwamba kabla ya kuweka sarafu alikuwa anauomba ule mweupe, anausukuma polepole sana kutoka upande huu kwenda ule, anaangalia unapindia wapi. Mwanza yetu imejengwa juu ya mawe, sakafu nyingi zina mteremko wake, na meza ile ilikuwa inalalia upande wa ziwa. Sisi tulilalamika kuwa meza mbovu. Fundi aliutumia ule mteremko: mpira anaoupiga kwa taratibu unakata kona wenyewe mwishoni, unaingia. Halafu kuna hili la mpira mweupe. Meza zile za kuweka sarafu, nyeupe huwa ndogo kidogo kuliko mingine, ili ikitumbukia mashine iitenganishe na kuirudisha. Mpira mwepesi ni rahisi kuuvuta urudi nyuma baada ya kugonga, ila kuufanya usonge mbele ni kazi. Nimekuja kusoma haya huku Uingereza, miaka mingi baadaye. Fundi alikuwa anayajua mkononi, na karibu kila gemu aliipanga kwa kurudi nyuma.

Niwaambie kitu kingine. Mji huu ninaoishi ndio wanakochezea ubingwa wa dunia wa snuka, ndugu yake pool, ukumbi unaitwa Crucible, tangu mwaka 1977. Ukumbi wenyewe si mkubwa, viti havifiki elfu moja. Mwaka 1997 Mwingereza Ronnie O'Sullivan alipata pointi 147 mle ndani, ndiyo alama ya juu kabisa kwa kawaida, kwa dakika 5 na sekunde 8. Nimewahi kukata tiketi nikakaa mle. Kimya chake kilinikumbusha kimya cha ile baa Fundi alipoinama. Lakini aliyenitoa machozi ni Mfilipino, Efren Reyes, bingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa mwaka 1999. Nilikuwa natazama gemu zake za zamani kwenye simu, kwenye basi. Mtu mpole, anatabasamu, amekulia Manila kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake, utotoni akipanda juu ya makreti ya soda ili aifikie meza. Mwaka 1996 alicheza na Mmarekani Earl Strickland kule Hong Kong siku tatu, wa kwanza kufikisha gemu 120, akashinda 120 kwa 117. Nikamwona anavyouacha mweupe. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, ndani ya basi la Waingereza: huyu ni Fundi!

Haya, sasa ile siku yenyewe. Mwaka 2011, mbalamwezi, wavuvi wamechanga mbuzi. Wa kwanza kufikisha gemu tano anamchukua. Nilifika fainali, nikamkuta yeye. Nilikuwa nimemfukuzia zaidi ya mwaka na sijawahi kumfunga hata mara moja. Tukaenda, akatangulia, nikasawazisha, akatangulia, mpaka nne kwa nne. Gemu ya mwisho mimi nimebakiza nyekundu moja na nyeusi. Yeye njano zimekwisha, kabaki na nyeusi tu, na zamu ni yake. Umeme ukakatika.

Watu wakasema tusubiri. Mvuvi mmoja akaja na karabai, siku hizi wengi wana taa za sola lakini wakati ule karabai bado zilikuwepo, akaisimamisha upande mmoja wa meza. Mwanga wa pembeni si kama wa juu. Kila mpira ulikuwa na kivuli kirefu, ukingo wa upande wa pili huuoni. Fundi akaniuliza, "Tuendelee?" Nikasema tuendelee. Akainama. Nyeusi ilikuwa karibu na shimo la kati, mtoto angeiingiza. Fimbo ikaenda mbele, ikarudi, ikaenda, ikarudi. Akasimama wima. Akailaza fimbo mezani.

"Nimegusa," akasema. "Koti limegusa nyekundu yake. Shuti mbili, mwanangu."

Hakuna aliyeona. Nawaapia, mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale na sikuona. Ile nyekundu ilikuwa kwenye kivuli chake. Watu wakamkemea, maana wengi walikuwa wamemwekea pesa: Fundi, hujagusa, piga! Yeye akanyoosha mkono kunionyesha meza, akarudi nyuma, akaanza kupaka chaki kwenye fimbo kama vile zamu yake itarudi.

Nikaingiza nyekundu. Mikono inatetemeka. Nyeusi nikaipiga pembeni, ikagonga mdomo wa shimo huku, ikagonga kule, ikasimama kidogo, ikadondoka. Walinibeba juu. Nilimtafuta Fundi kwa macho, nikamwona anamlipa mhudumu chai yake.

Asubuhi tulichinja, nikamfuata gereji nikamwambia aje kwenye supu, mbuzi ni wetu wote wawili. Akaja. Akanywa bakuli mbili, akajifuta mdomo, akaniambia, "Ule mweusi uliingia, lakini hukuupiga." Akaniongoza ndani. Baa tupu, viti viko juu ya meza. Akatia sarafu yake mwenyewe, akapanga mipira yote kama ilivyokuwa usiku, kila mmoja mahali pake, hata ile nyekundu aliyoigusa kwa koti. Akaniwekea kidole chake kile kifupi kwenye kitambaa, mahali ambapo mweupe ulitakiwa kusimama baada ya kuingiza nyekundu. Akasema, "Hapa." Nikapiga. Akarudisha. Nikapiga tena. Tulikaa pale mpaka adhuhuri, mteja wa injini anamwita, yeye anasema subiri.

Tangu siku ile sikumfunga tena, na mwaka uliofuata nikaondoka.

Mdogo wangu anasema mzee bado yupo, amerudi kwao Ukerewe, macho yamepungua, ila wajukuu humwonyesha hizi video zangu. Basi wajukuu, msogezeeni simu karibu. Shikamoo Fundi. Meza nimeulizia ilikokwenda, imenunuliwa na mtu wa Igogo, jiwe lake zima, halijapasuka. Desemba nakuja. Nitakufuata mpaka Ukerewe tuvuke wote. Sarafu naweka mimi.