Kobe wa Changuu Ana Majina Mangapi?

SALMA: Assalaam aleikum wasikilizaji, na habari za saa hizi kwa wote mlio nasi. Mimi Salma, niko na mwenzangu Jabir, ambaye leo amekuja na hasira zake kutoka nyumbani.

JABIR: Si hasira, Bi Salma. Deni la zamani. Nimelibeba tangu ujana, nilipokuwa napeleka wageni kisiwani Changuu.

SALMA: Haya, litue.

JABIR: Siku hiyo nina wageni wawili, mtu na mkewe, watu wazima. Tumeshuka botini, maji magotini, viatu mkononi. Tumefika kwa kobe, nimewagaia mchicha wawalishe. Mimi nina maneno yangu nimeyakariri: kobe hawa asili yao Aldabra, huko Shelisheli, wa mwanzo walikuja wanne mwaka 1919, zawadi ya gavana wa kule. Jina lao la kisayansi, Geochelone gigantea. Nikalitamka kwa madaha, maana nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki nzima.

SALMA: Tunakujua.

JABIR: Yule bwana akafungua kitabu chake, akatikisa kichwa: hapa wameandika Aldabrachelys. Bibi naye akatoa simu: mbona mimi naona Dipsochelys dussumieri? Wakanigeukia wote wawili. Wallahi nilitamani kobe mmoja anipishe niingie ndani ya gamba lake.

SALMA: Ukawajibu nini?

JABIR: Nikawaambia, tazameni mgongoni, umri wake umeandikwa kwa rangi, huyu kamzidi hata babu yangu! Nikageuza mazungumzo. Bakshishi sikuiona.

SALMA: Pole. Na ajabu ni kwamba nyote watatu mlikuwa na mahali pa kusimama. Hayo majina yote kapewa kobe huyo huyo, na wataalamu wa kweli.

JABIR: Ndiyo maana nasema deni. Sisi tuliambiwa jina la kisayansi ndilo lisilobabaisha. Mimi nikisema kobe, mwengine ataelewa kobe mwengine.

SALMA: Hilo la mwisho ni kweli. Chukua dagaa. Ukiomba dagaa Mwanza, unapewa Rastrineobola argentea wa Ziwa Viktoria. Ukiomba Kigoma, unapewa Stolothrissa tanganicae, samaki mwengine kabisa. Na hawa tunaowaanika hapa Unguja wakauzwa mpaka Kongo ni wengine tena, wa baharini. Mchuuzi hana shida, anajua cha gunia lake. Lakini ukitaka kuandika sheria ya uvuvi, "dagaa" haikufikishi popote.

JABIR: Sawa. Sasa mbona kobe wangu?

SALMA: Jina lina vipande viwili. Cha mbele ni jenasi, kama ukoo. Cha nyuma ni chake mwenyewe. Kipande cha mbele kinahama kila wataalamu wanapobadili mawazo kuhusu nani ndugu wa nani. Kobe wako alianza kwenye Testudo, walimotiwa karibu kobe wote. Akahamishiwa Geochelone. Mwaka 1957 likaja Aldabrachelys, mwaka 1982 likaja Dipsochelys. Hapo hakuna aliyekosea. Utafiti unakwenda, ukoo unapangwa upya.

JABIR: Kama mtoto anayehamishwa skuli kila mwaka.

SALMA: Lakini anabaki na jina lake, gigantea. Sasa hilo la pili ndilo lililoleta kesi, na kesi yenyewe ikafika kwenye Tume.

JABIR: Tume gani tena?

SALMA: Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama. Ipo tangu 1895. Haiamui huyu ni spishi, yaani aina yake peke yake, au si spishi, hilo si lake. Inaangalia jina tu: lipi halali, lipi lisimame. Wala haina askari. Inatoa uamuzi, ulimwengu unaufuata kwa sababu bila hivyo kila mtu angekuwa na daftari lake.

JABIR: Na sheria yao ikoje?

SALMA: Msingi ni mmoja: aliyewahi kuchapisha ndiye mwenye jina. Hesabu inaanza tarehe 1 Januari 1758, kwa Linnaeus wa Uswidi. La kabla ya hapo halihesabiki. Halafu kila jina linatakiwa lining'inie kwenye kitu. Kuna mnyama mmoja makumbusho, ngozi, mifupa au mzima kwenye chupa, ambaye ndiye kielelezo cha jina hilo. Ukibishana, unarudi kwake.

JABIR: Na kielelezo kikiwa kibovu?

SALMA: Ndipo hapo! Ngoja nikupe la tembo kwanza, maana ni tamu. Linnaeus mwaka 1758 aliandika Elephas maximus, na jina hilo leo ni la tembo wa Asia. Moja ya vielelezo vyake ni kijusi cha tembo kwenye chupa, kiko Stockholm. Kidogo hivi, mkonga umejikunja, ngozi imeparara. Watu walikitilia shaka siku nyingi. Mwaka 2013 wakatoa matokeo ya vipimo vya protini na DNA. Kumbe ni tembo wa Afrika.

JABIR: Subhanallah! Kwa hiyo jina la tembo wa Asia lingekuwa la huku kwetu?

SALMA: Kama kielelezo kingekuwa hicho peke yake, ndiyo. Tembo wa Mikumi angeitwa Elephas maximus, na wa India atafutiwe jina jengine. Fikiria vitabu, fikiria sheria za pembe. Bahati nzuri Linnaeus hakutegemea chupa moja. Alitaja pia maelezo ya Mwingereza John Ray, na Ray alikuwa amemwona tembo wake Florence. Mifupa ile bado ipo, na ni tembo wa Asia kweli. Wakaichagua hiyo iwe kielelezo, mambo yakatulia. Hata Tume haikuhitaji kusumbuliwa.

JABIR: Wamefanya akili. Sasa kobe.

SALMA: Kobe hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1812 Mjerumani Schweigger aliandika Testudo gigantea. Mwaka 1831 Mwingereza Gray akaandika dussumieri, kwa heshima ya mfanyabiashara Mfaransa aliyekuwa akikusanya wanyama. Kwa miaka mingi sana watu wakimtaja kobe wa Aldabra wanasema gigantea. Halafu 2006 mtaalamu wa Paris, Roger Bour, akasema kielelezo cha Schweigger amekipata, na si kobe wa Aldabra. Ni kobe wa Amerika Kusini.

JABIR: Aa!

SALMA: Mwaka huo huo mwengine, Jack Frazier, akachapisha kwamba kielelezo cha zamani hakipo, akateua kipya, kobe hasa wa Aldabra aliye Makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Sasa una vielelezo viwili vinavyovutana. Ukimfuata Bour, gigantea linaondoka Bahari ya Hindi kabisa, na kobe wa Changuu anakuwa dussumieri. Lile aliloliona bibi wako kwenye simu.

JABIR: Yule bibi alikuwa mbele yangu kumbe.

SALMA: Mwaka 2009 Frazier akapeleka ombi Tume: tuachieni gigantea, kielelezo kiwe hiki kipya, na dussumieri liwekwe kando. Zikaja barua kutoka kila upande, za kuunga na za kupinga, na baadhi si za upole. Watu wazima wenye mvi wanarushiana maneno kwa ajili ya kobe ambaye yeye anakula mchicha. Mwaka 2013 Tume ikaamua: gigantea libaki.

JABIR: Hapo sasa mimi na wewe hatuendi pamoja. Mtu kakuta kielelezo cha asili. Sheria inasema rudi kwenye kielelezo. Halafu mnakaa kikao mnasema, tumekizoea hiki, kile tukifunike. Si dhuluma hiyo?

SALMA: Kwanza, kama ni chenyewe au sicho, hilo nalo lilibishaniwa. Pili, ukweli kuhusu mnyama haukuguswa. Kobe ni yule yule, kisiwa kile kile. Kilichoamuliwa ni tumwiteje. Wewe umekaa kiambo kimoja na wazee wako miaka mia mbili, jirani wote wanakujua, halafu aje mtu na karatasi ya sandukuni...

JABIR: Bi Salma, mfano wa kiambo usiulete Zanzibar. Kesi hizo kwetu haziishi.

SALMA: (Anacheka.) Basi nauondoa. Lakini sikiliza faida yake. Kobe huyu yumo kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya wanyama walio hatarini. Kibali kinaandikwa kwa jina la kisayansi. Sasa wewe unawajua wa Changuu walivyoibiwa.

JABIR: Hilo usinikumbushe. Miaka ya hamsini walikuwa kama mia mbili. Kufika 1996 wamebaki saba. Saba! Ndiyo likaja banda la kuwalinda.

SALMA: Basi mweke afisa wa bandarini. Karatasi inasema dussumieri, orodha yake inasema gigantea, ndani ya kasha mna watoto wa kobe wa kiasi cha sahani. Mwizi anaomba Mungu afisa achanganyikiwe. Na utafiti wa miaka hamsini wa Aldabra, walipo kobe kama laki moja, umeandikwa gigantea. Mwanafunzi akitafuta kwa jina jengine nusu haioni.

JABIR: Hapo umenipata kidogo. Kidogo tu.

SALMA: Tena wamewekea mpaka. Jina kongwe likifufuka kutoka kabatini, na halijatumika tangu 1899, na lile jipya limetumika katika maandiko yasiyopungua 25, ya waandishi wasiopungua 10, ndani ya miaka 50 iliyopita, basi jipya linasimama bila hata kupiga kura. La kobe halikuingia humo kwa sababu tatizo lilikuwa kielelezo. Wala Tume haikubali kila ombi. Nzi wa matunda wa maabara, Drosophila melanogaster, waliombewa ulinzi ili asije akahamishwa jenasi. Mwaka 2010 Tume ikakataa.

JABIR: Na akahamishwa?

SALMA: Maabara bado zinamwita vile vile.

JABIR: Unaona? Watu ndio tume.

SALMA: Kwa mbu ilikuwa hivyo hasa. Aedes aegypti, yule wa dengi, wa homa ya manjano, wa chikungunya...

JABIR: Ambayo ni Kimakonde, wasikilizaji. Kule uwanda wa juu wa Makonde, mlipuko wa 1952. Mtu anajikunja kwa maumivu ya viungo. Neno letu hilo limeingia hospitali za dunia nzima na hakuna aliyelipigia kura.

SALMA: Kweli. Basi mwaka 2004 wataalamu wakampanga upya mbu huyo, akawa Stegomyia aegypti. Kisayansi walikuwa na hoja. Wahariri wa majarida wakasema hapana, madaktari wamemzoea Aedes, tuendelee. Wengi wakaendelea.

JABIR: Haya, nikuulize sasa. Unasema uthabiti, uthabiti. Uthabiti wa nani? Maana mimi nakumbuka mgunga.

SALMA: Nilijua utafika huko. Mimea ina sheria yake, Jabir, na mkutano wake.

JABIR: Sheria mbali, hoja moja. Acacia, lililokuwa jina la kisayansi la migunga, ni neno la kale la Kiyunani, na mti uliolibeba jina ni mgunga wa Misri, wa mto Nili. Ikaonekana kundi lile ligawanywe. Australia wana spishi kama elfu, sisi tuna chache. Wakasema, kwa ajili ya uthabiti, jina liende kwa wengi. Mkutano wa Vienna, 2005. Waliopinga walikuwa asilimia 54.9, lakini kanuni ilitaka 60 kulizuia. Jina likaenda Australia. Migunga ya Serengeti sasa ni Vachellia na Senegalia.

SALMA: Na Melbourne, huko huko Australia, 2011 wakathibitisha.

JABIR: Melbourne! Kesi ya mbuzi imesikilizwa nyumbani kwa chui.

SALMA: Siwezi kukutetea huko, na wala sitaki. Ukihesabu idadi ya spishi na idadi ya maandiko, atashinda mwenye vyuo na majarida mengi. Ile namba ya maandiko 25 niliyokutajia nayo ina kasoro hiyo. Mvuvi wa Kilwa anayemtaja samaki kila siku hahesabiwi. Lakini kwa kobe, waliotaka gigantea libaki walikuwamo pia wanaomshughulikia kila siku. Mimi nasema safari hiyo walipatia.

JABIR: Mimi nasema walipatia kwa njia ambayo siku nyengine itamuumiza mtu.

SALMA: Tuliache hapo, hatutalimaliza leo.

JABIR: Kuna kijana wa mama mkubwa, anaanza kupeleka wageni Changuu mwezi ujao. Kaniomba nimwandikie maneno ya kusema. Nimwandikie jina gani?

SALMA: Aldabrachelys gigantea. Halafu mabano, Schweigger, koma, 1812, funga mabano.

JABIR: Mabano ya nini? Bila mabano si sawa tu?

SALMA: Si sawa. Mabano yanasema Schweigger ndiye aliyemwita gigantea, lakini ukoo aliomtia siyo huu wa leo. Angekuwa bado yuko Testudo, usingeweka.

JABIR: Kwa hiyo mgeni akifungua kitabu cha zamani akakuta Geochelone...

SALMA: Kijana anamwonyesha mabano.

JABIR: Ningeyajua hayo mabano mapema ningepata bakshishi yangu. Rudia tena polepole, naandika. Schweigger ina g ngapi?