Mtu akisita, wewe unasema nini?

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sogeeni basi, viti vya mbele having'ati. Mada niliyopewa ni maadili ya utafiti wa saikolojia unaohusisha watu, na najua wengi wenu hapa mnawaza ni mambo ya fomu, unajaza, kamati ya maadili inapitisha, unaenda zako kukusanya data. Mi leo nitang'ang'ania kitu kimoja, vingine nitavipitia juu juu tu, nacho ni ile dakika ambayo mshiriki amekaa mbele yako anajibu halafu anasita.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Wakati nakusanya data ya tasnifu dodoso langu lilihusu kufiwa, nilihitaji watu 60 na nilikuwa nao 57, akaja dada mmoja akawa wa 58. Kwenye fomu ya ridhaa nilikuwa nimeandika mwenyewe kabisa kwamba unaweza kuacha muda wowote na hutaulizwa kwa nini, akasoma, akasaini, tukaanza. Swali la 14 lilikuwa linauliza mara ya mwisho ulipoongea na marehemu mliongea nini. Akaweka kalamu chini. Akashika pembe ya karatasi akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, kimya. Na mimi msomi mzima nikamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "yamebaki machache tu." Akachukua kalamu akamaliza.

Sasa shikeni hilo neno, "yamebaki machache tu", twende kwa Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani.

Milgram alianza majaribio yake chuo kikuu cha Yale mwaka 1961 akachapisha 1963. Wengi mnaijua stori, mtu anaambiwa ni utafiti wa kumbukumbu na adhabu, anakaa mbele ya mashine yenye swichi 30, volti 15 mpaka 450, na kila yule wa chumba cha pili akikosea jibu anapigwa shoti. Shoti zenyewe za uongo na yule "mwanafunzi" ni mtu wao. Katika watu 40 wa jaribio lile la kwanza kuchapishwa, 26 walifika mwisho, hiyo ni asilimia 65, na namba hii kila mtu anaikariri. Ambacho watu hawakariri ni hali ya wale waliokuwa wanabonyeza, walitoka jasho, walitetemeka, wengine walikuwa wanacheka kicheko ambacho hata wenyewe hawakielewi, na watatu walipata degedege. Aliyepata maumivu ya kweli ni aliyeshika swichi.

Halafu cheki hii. Hawa watu walishaambiwa mapema kabisa kwamba hela, dola 4 na senti 50 za nauli, ni zao kwa kufika tu, hata iweje. Yaani kwa karatasi mlango uko wazi, ukitaka unasepa na hela yako mfukoni. Ila mtu akisita, msimamizi ana sentensi nne amezipanga, anaanza na "tafadhali endelea" na ya mwisho inasema huna chaguo lingine, lazima uendelee. Akigoma hata baada ya hiyo ya nne ndo jaribio linasimamishwa. Kwa hiyo mlango ulikuwepo, ila umefichwa nyuma ya sentensi nne na hakuna aliyeambiwa kuna kuhesabu.

Mwanasaikolojia mwenzake, Diana Baumrind, alimkosoa hadharani mwaka 1964, na Milgram akajitetea kwamba aliwafuatilia baadaye na wengi walisema wamefurahi kushiriki. Mi utetezi huo haujawahi kunikaa vizuri. Mtu kufurahi baadaye hakukupi ruhusa ambayo hukuiomba mwanzo.

Stanford 1971 ndo kabisa. Mwanasaikolojia Philip Zimbardo anatengeneza gereza la kuigiza kwenye chuo kikuu cha Stanford, vijana wengine wanakuwa wafungwa wengine askari, wanalipwa dola 15 kwa siku, mpango ulikuwa wiki mbili ukakatishwa baada ya siku 6, baada ya mwanasaikolojia mwenzake, Christina Maslach, kuja kuangalia na kugomba. Kosa kubwa kwangu ni kwamba Zimbardo alikuwa mtafiti mkuu na hapohapo ni mkuu wa gereza, sasa ukitaka kuacha unamwambia nani, si yuleyule? Kuna siku wafungwa waliulizwa mkitoka mko tayari kuiacha hela mliyopata, wengi wakajibu ndiyo, halafu wakaambiwa rudini selo wakati tunafikiria. Wakarudi! Kijana ambaye sekunde chache zilizopita kasema hela siitaki, ananyanyuka mwenyewe anarudi ndani. Ukishaelewa kwa nini alirudi utaelewa kwa nini saini peke yake haitoshi.

Kanuni zenyewe zipo siku nyingi. Kanuni za Nuremberg za 1947, zilizotoka kwenye kesi ya madaktari wa Nazi, zinaanza na ridhaa ya hiari, na ripoti ya Belmont ya 1979, mwongozo wa Marekani wa utafiti kwa watu, iliyotoka baada ya Marekani kuumbuka kwa utafiti wa Tuskegee, ambako wanaume 399 wenye kaswende walifuatiliwa kuanzia 1932 mpaka 1972 bila kutibiwa hata penisilini ilipokuwa imeshapatikana, inataja mambo matatu, kumheshimu mtu, kumtendea mema, na haki. Hiyo ya haki watu wanaisahau. Inakuuliza, hawa umewachagua kwa sababu swali linawahusu au kwa sababu ni rahisi kuwapata? Mhadhiri anayewapa wanafunzi wake dodoso na maksi ni yeye anatoa, hapo pana hiari gani?

Kwa watoto mzazi anaridhia, sawa, lakini mtoto naye aulizwe, na kama ni mdogo hajui kuongea basi mwili wake unaongea, akivuta mkono huyo kasema hapana. Albert, yule mtoto mchanga ambaye watafiti Watson na Rayner walimfundisha kuogopa panya kwenye jaribio lao la 1920, alilia na kutambaa kumkimbia panya mweupe, wao wakaandika kama matokeo.

Usiri nao, kufuta jina hakutoshi. Ukiandika "mwanamke, miaka 57, kitengo cha hesabu" na kitengo kina mwanamke mmoja wa umri huo, umemtaja.

Na kuna mlango usiouona kabisa. Januari 2012 Facebook walichezea habari zilizokuwa zinaonekana kwa watu 689,003 kwa wiki moja kuangalia kama hisia zinaambukizwa, matokeo yakachapishwa 2014, na ridhaa wakasema ipo kwenye masharti uliyokubali ulipojiunga. Utaachaje jaribio ambalo hujui kama umo?

Kuhusu udanganyifu, sisemi usitumike kamwe, kuna maswali ukimwambia mtu ukweli mwanzo yamekufa. Ila ukimaliza kaa naye umweleze yote, na umuulize kama data yake bado anakuruhusu uitumie.

Kwa vitendo, mtu akiweka kalamu chini nyamaza kwanza. Halafu mwambie tunaweza kuishia hapa, na sukuma karatasi pembeni, maana ikibaki mbele yake bado unamwambia endelea.

Eeh, kuna mkono pale. Anauliza, zile data za yule dada wa 58 nilizitumia?

Nilizitumia. Alikuwa wa 58, nimeshawaambia nilihitaji 60.