Asilimia ya Chaji Haimtoshi Rubani

Asanteni. Najua swali la kwanza mlilo nalo: betri ni nzito, ndege ya umeme itafika wapi? Ni kweli. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina takriban kilowati-saa 12, na kilo moja ya seli nzuri za betri ya lithiamu ina kama robo ya kilowati-saa. Hilo waachieni wanakemia. Sisi wa avioniki, yaani elektroniki za ndege, tunalo letu, na nitalisema tena kama ninavyolisema kila ninapopewa kipaza sauti: tunamwonyesha rubani namba isiyojibu swali lake.

Mafuta unaweza kuyapima kwa kuchovya kijiti tangini. Chaji haichovywi. Kompyuta ya betri inahesabu mkondo wa umeme unaoingia na unaotoka, inatazama volti na joto, kisha inakadiria. Kihisi cha mkondo kikipotoka kidogo tu, kosa linajilimbikiza dakika hadi dakika. Seli nazo zinazeeka, kila moja kwa namna yake, na zilizounganishwa mfululizo zinakwamishwa na iliyo dhaifu kuliko zote. Kwa hiyo asilimia 30 kwenye skrini ni makadirio.

Haya, tuseme makadirio ni sahihi kabisa. Rubani yuko karibu kugusa ardhi, mara anaona gari limekatiza njia ya kurukia. Anasukuma mpini wa nguvu, anataka nguvu zote, sasa hivi. Betri iliyokaribia kuisha, au yenye baridi, ina ukinzani mkubwa wa ndani. Ukiidai mkondo mwingi, volti zinaporomoka na mfumo wa ulinzi unabana nguvu ili seli zisiharibike. Nishati imo, ila haitoki kwa kasi anayoihitaji. Ndege ya mafuta yenye robo tangi inatoa nguvu zile zile ilizotoa tangi likiwa limejaa, tena imeshapungua uzito. Ya betri inatua na uzito ule ule iliopaa nao, halafu nguvu zake ndizo zimepungua!

Mtu ataniambia, mbona magari ya umeme yanaonyesha asilimia na watu wanafika? Gari likiishiwa nguvu linaegeshwa kando. Mwingine atasema, ongeza akiba. Kanuni za Marekani kwa anayeruka mchana kwa kuona nje kwa macho zinadai akiba ya dakika 30, lakini dakika hizo zinahesabiwa kwa mwendo wa kawaida wa safari. Hazisemi lolote kuhusu nguvu za kughairi kutua na kupaa upya. Na msiniambie bado ni mapema: Velis Electro, ndege ya umeme ya kampuni ya Pipistrel, ilipata cheti cha EASA, shirika la usalama wa anga la Ulaya, Juni 2020, na ni ndege ya mafunzo. Mwanafunzi wa urubani hurudia kutua na kupaa mara nyingi, chaji ikishuka kila mzunguko.

Ninachotaka kwenye skrini ni hiki: nguvu zilizopo sasa, zitadumu sekunde ngapi, na kama zinatosha kughairi kutua. Makadirio yafanywe na njia mbili zisizotegemeana, na zikitofautiana, rubani aonyeshwe iliyo ndogo. Programu inayotoa namba hiyo ipewe kiwango cha uhakiki kinacholingana na madhara ya kumdanganya rubani. Anayeiita kipimo cha betri tu, akaipangia kiwango cha chini ili apunguze gharama, hajafikiria yule rubani na lile gari.

Naona naonyeshwa saa. Kelele za inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, kwenye redio, na cheche zinazoruka kwa urahisi zaidi katika hewa nyembamba ya juu, vinadai mhadhara mwingine. Na moto wa betri nao: Boeing 787 mwaka 2013 mnaijua, betri zake za lithiamu ziliungua na ndege zikazuiwa kuruka.

Wanafunzi, ombi moja. Mkipewa maabara, msijaribu betri mpya kwenye joto la chumba mkaridhika. Chukueni seli zilizokwisha kuzeeka, zipozeni, zishusheni chaji, kisha zidaini mkondo wa kupaa. Andikeni volti zimeshuka kiasi gani, na grafu hiyo mpelekeeni anayechora skrini kabla hajaanza kuchora.