Antivirasi imegoma kuweka faili karantini: cha kufanya

Wakuu, karibuni. Hapa ni Nyegezi, Mwanza. Mezani nina laptopu ambayo antivirasi yake imekamata virusi, imepiga kelele, halafu imeshindwa kuvifungia karantini, yaani kuvitenga mahali visipoweza kufanya kazi. Tazama kona ya chini kulia: ujumbe unatokea, unapotea, unatokea tena. Ukibonyeza kuondoa, inazunguka weee, kisha inarudi pale pale.

Nitatumia Windows Security, ile inayokuja na Windows 10 na 11 yenyewe, maana ndiyo ninayoikuta kwenye kompyuta nyingi za stesheneri na za wanachuo huku. Kama yako ni Kaspersky, Avast au ESET, vitufe vitakuwa na majina mengine lakini njia ni hii hii.

Kwanza zima Wi-Fi. Kama umewasha hotspoti ya simu, izime kwenye simu yenyewe. Flashi iliyochomekwa iache ilipo, tutaifikia. Na usiendelee kubonyeza kitufe cha kuondoa. Kama imegoma mara mbili, ya tatu haitakuwa na jipya.

Sasa fungua alama ya ngao, ingia "Virus & threat protection", kisha "Protection history". Tukio letu hili hapa, limeandikwa "Remediation incomplete". Libonyeze lifunguke, shuka mpaka penye "Affected items". Simama hapo. Wengi wanakimbilia jina la kirusi, wanaligugo, wanaangukia tovuti inayowauzia programu ya kusafisha ambayo nayo ni mzigo mwingine. Mimi jina nalitazama baadaye. Kwanza nasoma anwani: faili liko wapi, kwenye diski gani, ndani ya folda gani. Anwani ndiyo inayosema kwa nini antivirasi imegoma. Piga picha hilo eneo kwa simu, maana huko mbele tutazima kompyuta.

Nasogeza karibu muone. Mstari wa kwanza umeanza na neno "containerfile". Wa pili unaonyesha folda ya Downloads, jina la faili la zip, halafu kistari chenye mshale, halafu setup.exe. Ukiona huo mshale, ujue kirusi kiko ndani ya faili lililofungashwa. Antivirasi inakiona, lakini mara nyingi haiwezi kukichomoa peke yake, na fungashio zima inasita kulifuta kwa sababu humo ndani huenda kuna nyaraka zako halali. Basi wewe ndiye wa kuamua. Usilifungue "kuangalia kidogo". Bonyeza mara moja kulichagua, kisha Shift na Delete kwa pamoja. Kama ni faili la ISO na tayari limejitokeza kama diski kwenye This PC, litoe kwanza kwa Eject, ndipo ulifute. Na kama anwani inaishia kwenye faili la barua pepe la Outlook, lile la .pst, usithubutu kulifuta. Hapo zimo barua zako zote. Ingia Outlook, tafuta ujumbe wenye kiambatisho hicho, futa huo, kisha safisha na kapu la takataka.

Hapa niseme jambo moja ambalo halitawafurahisha wengine. Mafaili mengi ya aina hii ninayokutana nayo ni kraki, yaani programu za kuvunja leseni ili utumie bila kulipa: za Office, za Windows, za programu za kupiga mahesabu ya uhandisi. Ukiona jina limeanza na HackTool, ni hizo. Kuna mtu atakuambia bonyeza "Allow on device", haina shida. Usibonyeze. Huna namna ya kujua aliyeitengeneza kaweka nini kingine ndani, na hapo unaiambia antivirasi ifumbe macho.

Tuhamie kwenye kazi iliyonifanya niwashe kamera. Laptopu hii na flashi hii, yenye kamba ya bluu, ni vya mwalimu kutoka Ukerewe. Flashi ina mitihani ya muhula, kwa hiyo majina ya mafaili nimeyafunika. Nilimuuliza, "Mwalimu, mara ya mwisho uliichomeka wapi?" Akanijibu, "Kijana wangu, nilipita mjini kutoa kopi, nilipofika nyumbani kila kitu kimekuwa shortikati." Ndivyo ilivyo: shortikati ni njia ya mkato ya kufungulia kitu, na hapa kila folda ina kamshale kadogo pembeni, na ukibofya mojawapo, folda inafunguka kweli lakini nyuma yake kirusi nacho kinaamka. Antivirasi inafuta hizo shortikati, baada ya sekunde chache zinarudi.

Zinarudi kwa sababu kuna programu inafanya kazi sasa hivi ndani ya laptopu, na ndiyo inayoziandika upya. Faili linalotumika Windows hulifunga. Kulihamishia karantini ni sawa na kumvuta mtu kiti akiwa amekikalia. Muinue kwanza.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager hiyo. Nenda sehemu ya Details. Tafuta wscript.exe. Hapo iko, na ziko mbili. Tahadhari: wscript.exe ni programu halali ya Microsoft, kazi yake ni kuendesha skripti (mafaili ya amri), kwa hiyo usiende kuifuta kwenye System32. Tunachotaka ni kujua inaendesha skripti gani. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye vichwa vya safu huku juu, chagua "Select columns", weka tiki kwenye "Command line", kubali. Sasa vuta safu hiyo iwe pana. Mnaona? Mbele ya wscript.exe kuna anwani ndefu inayopita AppData, Roaming, inaishia na jina la herufi zisizoeleweka na .vbs. Huyo ndiye mhusika. Linganisha na anwani ya tukio la flashi kwenye Protection history: ni faili lile lile antivirasi ililoshindwa nalo.

Chagua mstari huo, "End task". Na wa pili vile vile. Fanya haraka kidogo, kwa sababu baadhi huwa mbili makusudi, moja ikifa nyingine inaifufua.

Kabla hujashangilia, kata njia yake ya kurudi. Ndani ya Task Manager fungua sehemu ya programu zinazoanza na Windows, zima usiyoitambua inayoendesha skripti. Halafu bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, Enter. Folda hii kwa watu wengi huwa tupu. Hapa kuna kitu, kifute. Mwisho fungua Task Scheduler, tazama kazi zilizopangwa. Kazi inayoita wscript kila baada ya dakika kadhaa, ikiwa na jina la ajabu, ondoa. Zile zilizo ndani ya folda ya Microsoft ziache.

Sasa rudi kwenye ngao, skani tena. Angalia... imeingia karantini bila ubishi.

Flashi bado. Mitihani ya mwalimu haikufutwa, imefichwa tu. Kwenye This PC hakikisha flashi ni herufi gani; hii ni E, yako inaweza kuwa D au F, na ukikosea herufi unafanya kazi kwenye diski nyingine. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika hivi: attrib, nafasi, -h, nafasi, -r, nafasi, -s, nafasi, /s, nafasi, /d, nafasi, E:\*.* kisha Enter. Hiyo h ni ya kufichwa, r ni ya kusomeka tu bila kuandikika, s yenye kistari ni alama ya faili la mfumo. Zote tunaziondoa, mpaka kwenye folda za ndani. Subiri mstari mpya utokee.

Rudi kwenye flashi. Folda zimetokea. Kuna moja haina jina kabisa, kama mtu kabonyeza nafasi tu akaondoka. Ingia humo. Mitihani yote hii hapa! Virusi vya aina hii hupenda kuhamishia vitu kwenye folda isiyo na jina. Hamisha mafaili ya mwalimu, yaani docx, pdf na picha, weka sehemu safi, kisha futa shortikati zote na kila faili la .vbs au .lnk ambalo hukuliweka wewe.

Sababu nyingine nitazipitia haraka.

Wapiga picha wa harusi, hii ni yenu. Antivirasi ikikamata kitu kwenye memori kadi na kusema haiwezi kufuta, tazama ubavuni mwa kadi au adapta yake. Kuna kaswichi kadogo. Kakishushwa, kadi imefungwa, hakuna programu itakayoandika wala kufuta. Kapandishe, rudia. CD na DVD zilizochomwa nazo hazifutiki, hizo zitupe tu. Lakini flashi isiyo na swichi ikianza yenyewe kukataa kuandikwa, mara nyingi inakufa: nakili vyako, nunua nyingine.

Anwani ikiwa na maneno "System Volume Information", kirusi kimo kwenye kumbukumbu za kurejesha mfumo, ambazo Windows inazilinda hata dhidi ya wewe mwenyewe. Kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, ingia "System Protection", "Configure", kisha "Delete". Zitafutika zote, kwa hiyo fanya hivyo baada ya kompyuta kuwa safi, halafu tengeneza nyingine mpya.

Anwani ikiwa ndani ya Temp, folda ya mafaili ya muda, au hifadhi ya kivinjari (cache), huenda faili lenyewe lilishajifuta na antivirasi inakimbiza kivuli. Nenda ukaangalie. Kama halipo, safisha Temp na hifadhi ya kivinjari, skani upya.

Na ikiwa umefanya yote na bado limeng'ang'ania? Hapo tunaskani Windows ikiwa haijaamka. Washa intaneti dakika chache, sasisha antivirasi, izime tena. Hifadhi kazi zako. Ngao, "Scan options", chagua skani ya nje ya mtandao, ile yenye neno "offline", kisha "Scan now". Kompyuta itajizima na kuwaka kwenye mazingira madogo ambamo kirusi hakijapata nafasi ya kuanza. Inachukua kama dakika 15. Chomeka chaja, na kama ni desktopu isiyo na UPS, usianze jioni umeme unapochezacheza.

Kuna kitu kinawatisha watu hapa: baadhi ya laptopu, hasa za Windows 11, zinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker, kufuli ya Windows inayolinda diski. Unapatikana kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingia nayo siku ya kwanza. Utafute kabla ya kuanza, uandike kwenye karatasi.

Njia nyingine ni Safe Mode, yaani kuwasha Windows na vitu vya lazima tu. Shikilia Shift huku unabonyeza Restart, fuata "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", Restart, halafu namba 4. Humo vingi vimezimwa, unaweza kulifuta faili kwa mkono wako. Safe Mode ikikataa kabisa kuwaka, nashuku kitu kikubwa. Sality, kirusi cha tangu 2003, kilijulikana kwa kuiharibu makusudi, na kazi yake ni kujiandika ndani ya mafaili ya .exe, moja baada ya jingine. Ukiona antivirasi inataja makumi ya programu zako, hata kikokotoo, usipoteze siku mbili kuisafisha. Nakili nyaraka na picha tu, usichukue hata .exe moja, fomati, weka Windows upya. Najua fundi anayesema "fomati" anaonekana mvivu, ila kwa Sality ndilo jibu la kweli.

Faili likiwa ndani ya folda ya Windows yenyewe, usilifute kwa hasira. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika sfc /scannow, iache irejeshe nakala nzima.

Mtu ataniuliza: je, kama antivirasi imekosea na faili ni zima? Kuna VirusTotal, unapakia faili hadi MB 650 nalo linapimwa na antivirasi nyingi kwa mpigo. Lakini unachopakia kinaweza kufikia kampuni za usalama duniani. Programu uliyopakua, sawa. Mtihani ambao haujafanyika, mkataba, au cheti cha mteja, hapana.

Kabla sijamrudishia mwalimu flashi, naichomeka kwenye kompyuta ile nyingine huku nimeshikilia Shift, bila kubofya chochote ndani yake, na kuiskani nzima. Safi. Na kwenye laptopu yake naingia View, Show, naweka tiki kwenye "File name extensions", ili siku nyingine "mtihani.docx.vbs" aione hivyo hivyo ilivyo. Jioni akifika nyumbani abadilishe nywila ya barua pepe kwa kutumia simu. Amri ya attrib nimeiandika chini ya video, mnakili. Kumbukeni kubadilisha E.