Ule mngurumo wa Iwambi saa nane usiku

NEEMA: Haya jamani ugonile, karibuni tena kwenye kipindi, mimi ni Neema nipo na kaka Gwakisa kama kawaida, na leo nimekuja na hasira sababu sijalala.

GWAKISA: Malori tena?

NEEMA: Malori tena! Yani saa nane usiku, baridi hii ya mwezi wa sita umejifunika mablanketi matatu, usingizi ndo umenoga, mara TRRRRRRR kutoka kule juu Iwambi, kwenye mteremko wa kushukia huku kwetu Mbalizi, kama mtu anakokota mabati kwenye lami, mtoto anaamka, mbwa wa jirani wanaanza, na likipita moja jua nyuma yapo mengine matano. Sasa nikaambiwa kumbe Marekani kuna miji imeweka vibao kabisa barabarani, injini breki, hiyo inayopiga hizi kelele, marufuku. Nikasema hawa ndo watu, Mbalizi na sisi tuwekewe.

GWAKISA: Pole dada. Ila hicho kibao ukikiweka pale Mbalizi mwezi hauishi utaenda mwenyewe kukingoa.

NEEMA: Kwanini? Breki si zipo kwenye matairi?

GWAKISA: Zipo, ngoja nikueleze. Mjomba wangu ameendesha masafa miaka mingi, mimi likizo za sekondari nilikuwa namfata kama utingo, kazi yangu kushika kabari na kuchemsha chai. Siku moja tunashuka mlima Kitonga kule Iringa tunaelekea Dar, tumebeba shaba ya Zambia. Shaba bana ni nzito, ukiangalia trela unaona mabamba yamelala chini tu, unaweza kudhani halina mzigo kumbe limejaa. Mbele yetu kuna jamaa anashuka kwa kukanyaga breki tu, kila kona anakanyaga, tukaanza kusikia harufu, ile ya lainingi, vile vipande vya breki vinavyosugua, inaungua, inakukaa kooni, alafu moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye matairi ya trela. Mjomba akasema huyu keshaisha.

NEEMA: Mungu wangu, akadondoka?

GWAKISA: Hakudondoka, alibahatika akakuta sehemu pana akaliegemeza ukingoni mwa mlima. Utingo wake akataka kumwagia maji dramu, lile duara la chuma la tairi ambalo lainingi zinalibana, mjomba akampigia kelele acha, dramu la moto ukilimwagia maji ya baridi linapasuka. Ikabidi likae mpaka lipoe lenyewe.

NEEMA: Kwaiyo breki zilikuwa mbovu?

GWAKISA: Zilikuwa nzima! Hapo ndo watu hawaelewi. Breki zinageuza mwendo kuwa joto. Chukua lori la tani 50, na sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu mpaka 56, likishuka mita 300 kwenda chini, lile joto likikusanywa lote linachemsha mapipa mawili ya maji, yale ya lita mia mbili mbili, kutoka ubaridi wetu huu wa Mbeya. Sasa weka joto hilo lote kwenye vidramu vya matairi, kwa dakika kadhaa tu. Lainingi zikishachemka hazishiki tena, dramu nalo linatanuka linazikimbia, unakanyaga mguu unafika chini lori halina habari na wewe.

NEEMA: Ndo wanasema breki zimefeli.

GWAKISA: Ndo hapo. Kwaiyo dereva anayejua anataka kitu kingine kimshikie lori, breki za miguu azibakize kwa dharura. Injini yenyewe. Kawaida ukiachia mafuta pistoni inapanda inabana hewa, ile hewa ikibanwa inakuwa kama springi, inarudi kuisukuma pistoni chini, kwahiyo nguvu uliyoitumia kubana unarudishiwa. Injini breki inachofanya, pistoni ikikaribia juu kabisa inafungua valvu ya ekzosti, ile hewa iliyobanwa inatoroka inaenda kwenye bomba la moshi. Springi imekatika, hurudishiwi kitu. Injini imegeuka pampu ya upepo na lori ndo linaizungusha.

NEEMA: Na ule mtoroko ndo unaniamsha.

GWAKISA: Ndo wenyewe. Injini ya silinda sita ikizunguka 1,800 kwa dakika, hesabu hapo, hewa inapasuka mara 90 kila sekunde.

NEEMA: Sasa si umenisaidia kesi yangu? Mara tisini kwa sekunde, dirishani kwangu!

GWAKISA: Sikiliza. Mpasuko huo unapita kwenye sailensa, ile ya kwenye bomba la moshi inayopunguza kelele, kabla haujakufikia. Sailensa ikiwa nzima unasikia lori linanguruma tu, la kawaida. Ile TRRRR yako ni lori ambalo sailensa imeoza, au imetolewa kwa makusudi bomba likawekwa moja kwa moja, mtu anapenda sauti, au tajiri hataki kununua nyingine. Hata vibao vya Marekani, vingi ukivisoma vizuri vinakataza injini breki isiyo na sailensa, na sheria nyingi za miji yao zinamwacha dereva aitumie kwenye dharura. Kampuni ya Jacobs ndo iliingiza hiyo breki sokoni mwaka 1961, kule wanaiita Jake.

NEEMA: Waliitunga wao?

GWAKISA: Wazo ni la Clessie Cummins, huyu mwenye injini za Cummins. Mwaka 1931 alikuwa anashuka na lori mlima wa Cajon kule California, breki zikamwishia, na chini reli, treni inakatiza. Aliponea chupuchupu. Lile tukio halikumtoka kichwani.

NEEMA: Kitonga yake hiyo. Ila kaka mimi bado sijakubali. Wengine wanaiwasha hata kwenye tambarare, pale Mbalizi mjini wameshafika chini, mteremko umeisha, bado TRRRR mpaka kwenye matuta. Hapo anaokoa maisha ya nani?

GWAKISA: Hapo nakupa. Mwenye swichi aizime akiingia mjini kama hana haja nayo. Ila juu kule Iwambi, anashuka na tenki la petroli ya Zambia, chini kuna soko, bodaboda, watoto wa shule... bora akuamshe. Wewe ulishaona malori yaliyoshindwa pale.

NEEMA: Nimeona. Sitaki hata kuongelea.

GWAKISA: Wanaonitisha mimi ni wanaoshuka kimya. Wanaopiga nyutro, wametoa gia lori linajiendea lenyewe.

NEEMA: Eti wanabana mafuta.

GWAKISA: Na hawabani! Injini za kisasa ukiwa kwenye gia umeachia pedeli, mafuta yanakatwa kabisa, matairi ndo yanaizungusha injini. Ukiweka nyutro inabidi inywe ili isizime. Mjomba alikuwa anasema gia uliyopandia ndo ushukie, ikibidi punguza moja. Na unaichagua juu kabla mteremko haujaanza, ukishakolea mwendo unatoa gia hii, nyingine inagoma kuingia, umebaki na nyutro hutaki.

NEEMA: Na mvua je? Si kwetu huku ndo utelezi na ukungu.

GWAKISA: Trela tupu kwenye utelezi injini breki unaizima au unaipunguza, maana inashika matairi ya kichwa peke yake, trela linaweza kuja kukusukuma ubavuni mkajikunja. Kuna malori yana ritada kwenye gia boksi, kifaa kingine cha kupunguza mwendo, kinatumia oili, hiyo haina kelele kabisa, ila bei sasa.

NEEMA: Basi nabadilisha ombi langu. Kibao kiandikwe lori lisilo na sailensa lisipite. Na trafiki asikilize kwa masikio, kipimo hakihitajiki.

GWAKISA: Akae dirishani kwako.

NEEMA: Saa nane, na blanketi aje nalo! Haya, kuna msikilizaji wa Makambako anauliza ile pshiiii ya malori yakisimama nayo ni injini breki?

GWAKISA: Hapana, ule ni upepo wa breki unatoka akivuta hendibreki. Huyo keshafika, anatafuta chai.