Mwaka 1955: Mwalimu Aliyeacha Kazi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu na wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie jinsi maisha ya mtu na kazi yake yanavyoweza kugeuka kwa pamoja ndani ya mwaka mmoja. Nimechagua mwaka 1955 katika maisha ya Julius Kambarage Nyerere, kwa sababu naamini tumeuzoea kwa tukio lake moja tu na kuuacha uzito wake ulipo hasa.

Tukio hilo ni safari ya New York. TANU ilikuwa haijatimiza hata mwaka tangu kuasisiwa tarehe 7 Julai 1954, na wanachama wake walichangishana fedha ili rais wao akazungumze mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, lililosimamia nchi za udhamini kama Tanganyika, iliyotawaliwa na Uingereza. Mwezi Machi, akiwa mwalimu wa sekondari ambaye hajafikisha miaka 33, aliliomba Baraza litamke kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika kwanza, ingawa Wazungu na Waasia waishio humo nao wangekuwa na haki zao.

Aliporudi, alitakiwa achague kati ya siasa na kazi yake katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Akajiuzulu. Naomba tusilipite jambo hili haraka, kwani aliyekuwa na shahada ya Edinburgh wakati ule alikuwa na mshahara wa uhakika na heshima ambayo Waafrika wachache mno waliifikia, ilhali chama alichokichagua kilikuwa bado kinaishi kwa michango. Tena hakuwa peke yake: alikuwa na mke na watoto wadogo.

Akairudisha familia nyumbani, Butiama. Miezi iliyofuata haina picha maarufu wala hotuba inayonukuliwa. Mhitimu huyo alimfundisha Kizanaki padri mmoja wa shirika la Maryknoll huko Musoma, akafanya na kazi za tafsiri, kabla ya kurudi Dar es Salaam mwaka huohuo kuitumikia TANU kwa muda wake wote. Kwangu mimi, miezi hiyo ndiyo kiini cha mwaka 1955. Kuzungumza New York kulihitaji ujasiri wa siku moja, lakini kukaa bila mshahara kulihitaji ujasiri wa kila asubuhi, na ujasiri huo haukuwa wa mtu mmoja. Mama Maria, ambaye naye alikuwa amesomea ualimu, baadaye aliendesha duka dogo walipohamia Magomeni. Nasikitika kwamba masimulizi yetu ya kudai uhuru humtaja kwa kupita tu, hali mapato ya duka lile yalisaidia kuilisha nyumba ya kiongozi wa chama.

Mwaka 1957 Nyerere aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na kabla mwaka haujaisha akakiacha kiti hicho, kwa kuona kwamba serikali ya kikoloni haikuyakubali madai ya chama chake. Wanahistoria wengi hukueleza kujiuzulu huko kwa hesabu za kisiasa tu. Mimi naona kwamba uamuzi huo uliwezekana kwa sababu nyumba yake ilikwisha kujua, tangu 1955, namna ya kuishi bila mshahara wa serikali wala wa misheni.