Resini siyo plastiki: kwa wanaounga meli yao ya kwanza ya mfano

Haya tuanze, mliokaa nyuma sogeeni maana feni linapiga kelele na spika hatuna. Nimeambiwa niongelee meli ndogo ya mfano, ile ya kwanza ya resini, kuiunga mpaka kuiweka sebuleni, na mnaonijua mnajua naanzia wapi. Resini, ile inayomiminwa ikiwa majimaji kwenye kalibu mpaka igande, siyo plastiki mliyoizoea. Nimesema mpaka watu wamechoka, lakini kila boksi likifunguliwa hapa mjini nakuta mtu anafanya yaleyale aliyozoea kwenye vindege vya plastiki.

Gundi ya plastiki inashika kwa sababu inayeyusha plastiki yenyewe. Resini haiyeyuki kwa gundi ile, utapaka, utasubiri, ukinyanyua meli bomba la moshi linabaki mezani. Tumia supaglu, au epoksi ya kuchanganya kwa vipande vizito. Na kabla ya gundi, osha! Kiwandani kalibu inapakwa dawa ili kipande kitoke, ile dawa inabaki juu yake, wewe huioni ila rangi inaiona. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, na weka chujio kwenye sinki vipande vidogo visije vikaenda na maji.

Sasa vumbi, na hapa msinikatize. Vipande vinakuja na kinundu cha resini pale ilipomiminiwa, unakikata kwa msumeno mwembamba halafu msasa. Kuna kijana mmoja nilienda kumtembelea, nakuta anapiga msasa mkavu, chumbani, madirisha yamefungwa sababu ya AC, na mtoto mdogo amelala kwenye kitanda hichohicho alichokalia yeye. Unga kwenye meza, unga kwenye shuka, unga kwenye chandarua. Nikamwambia simama. Akanijibu, anko, mbona mafundi bodi kule gereji wanapiga msasa faiba mchana kutwa, hawana hata kitambaa, na wako fiti? Nani kakwambia wako fiti? Kuzoea kukohoa siyo kuwa mzima jamani. Unga wa resini ni laini sana, unashuka mpaka kwenye mapafu na hautoki kwa kunywa maziwa, maana na hili la maziwa nalisikia kila mahali, maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kifuani, vinakutania wapi? Tulihamia barazani na beseni. Msasa wa maji, namba 400 halafu 600, kipande unakichovya kila mara, barakoa ya N95 usoni siyo ile ya kitambaa, na ukimaliza unafuta meza kwa tambara bichi kabla lile tope halijakauka, maana likikauka ni vumbi tena. Usifagie. Na kile kipande kilitoka laini kuliko alivyokuwa anafanya mwanzo, kwa hiyo hakuna unachopoteza.

Mtu ataniambia barakoa na joto hili la Dar haviendi. Fanya asubuhi, fanya kidogo, pumzika, meli haikimbii.

Joto lenyewe lina kazi yake. Kipande kikija kimepinda kiweke kwenye maji ya moto, kitalainika, kinyooshe juu ya kioo, kimwagie maji baridi kishike hivyo. Lakini sasa kama kinalainika kwenye maji, unadhani kwenye gari lililopaki juani Kariakoo kitafanyaje? Au dirishani linakopiga jua la mchana? Milingoti ya resini inalala polepole huku unaiangalia. Bora milingoti utengeneze kwa waya wa shaba njano tangu mwanzo.

Meli gani? Kila mtu ananitajia Bismarck, ile manowari kubwa ya Wajerumani ya vita vya pili. Kwa skeli ya 1/350, yaani ndogo mara 350 kuliko meli yenyewe, ile ni zaidi ya sentimita 70, utaiweka wapi? Anza na kitu kama Königsberg, manowari ya Wajerumani ya vita vya kwanza. Mita 115 na kidogo, kwa 1/700 inakuja kama sentimita 16 na nusu, na ni meli yetu kwa maana iko kwenye historia yetu. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, ikarudi kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915 baada ya kupigwa na Severn na Mersey, manowari za Waingereza, Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake 10 wakaitoa wakaenda kupigania nchi kavu, mmoja uko Fort Jesus Mombasa, nendeni mkauone mjue mnachojaribu kutengeneza kwa milimita 6.

Na ndiyo maana naumia nikiona mtu anaiweka juu ya bahari ya bluu! Iunge mpaka usawa wa maji tu, chini usihangaike, iweke kwenye maji ya kahawia ya Rufiji, pembeni mikoko. Mkoko wa mita 10 kwa skeli hiyo ni milimita 14, vijimizizi vikavu vinatosha.

Muda naona umeisha. Rangi: praima kwanza, ile rangi ya chini ya kushikia nyingine, koti jembamba jembamba. Reli za shaba zipigwe praima mapema, hewa yetu ya chumvi inazichafua haraka. Supaglu ifungwe vizuri, unyevu ndio unaoigandisha. Kamba za milingoti tutaongea siku nyingine. Kabati la vioo agiza kabla hujaanza kuunga, pima na urefu wa milingoti siyo bodi tu, na usilifunge mpaka rangi ikauke kabisa. Kibao cha maelezo kiandikwe Kiswahili, jina, mwaka, na wapi ilizama.

Wenye maboksi njooni mbele tuhesabu vipande na ile karatasi ya maelekezo kabla mtu hajafungua gundi.